Spidi ya Cucu

...bado dakika nne, Njuki hahitaji saa, anaitazama tu ile santuri, duara lililobaki linapungua na sindano inalikimbilia, dakika nne na kaseti iwe imeshaingia chini ya ngoma, la sivyo ukumbi mzima wa Jumapili alasiri utabaki mikono hewani ukimgeukia, na pale mlangoni, kati ya mkata tiketi na kreti za soda, amesimama mama yake. Ametoka Kiritiri na nguo za kanisani, mkoba ameubana kwapani, hajawahi kuingia disko maisha yake yote, na ngoma ya hausi haijali nani yuko mlangoni, inagonga mara mia moja ishirini na nne kwa dakika, moja mbili tatu nne, mguu wa Njuki unagonga nayo, na Mutegi, mshika maikrofoni, anainamia sikio lake lisilo na hedifoni, buda, wasee wanataka kasichana, na Salesio ametoka Meru kwa sababu ya hako kasichana, usiniangushe leo, na Njuki anaitikia kwa kichwa, kasichana, ndiyo, kasichana... hakuna kasichana. Kuna kaseti moja. Wanakaita hivyo Embu, wanakaita hivyo Chuka, hadi Muthara alikopiga muziki wa harusi mwezi wa nane na bwana harusi akataka karudiwe mara tatu, sauti nyembamba ya Kimbeere ikipanda juu ya ngoma za ng'ambo, fimbo zikipiga chini yake pap, pap, kana kwamba zilizaliwa pamoja, na Salesio, mwenye disko Meru mjini, aliyekuwa akimpa zamu ya kupiga Ijumaa moja moja na sasa anataka kumpa Ijumaa zote, alimuuliza, huyu ni nani, anakaa wapi, tumpandishe jukwaani, na Njuki akajibu ni msichana wa kwetu, ana haya, na tangu siku ile uongo umemtangulia kila mji anakoenda. Kumbe ni cucu. Nyanya yake Wanjugu, mama wa mama yake, siku ile alipokuwa akipura mtama na wanawake wenzake, miaka sabini na kitu, fimbo mkononi, na Njuki amechutama pembeni na redio kaseti yenye betri zilizochoka, mume wangu, cucu akamwita, kwa kuwa Njuki ni jina la mumewe na hakuacha kumtania nalo, mume wangu, hicho kisanduku chako kinakula nini, kinakula betri, cucu, basi leo hukukilisha, kinatembea kama mbuzi wa kiangazi, na wanawake wakacheka hadi fimbo zikakosana. Na cucu alikuwa sahihi, kisanduku kilikuwa na njaa, utepe ulijikokota wakati wa kunasa, ndiyo maana ukichezwa kwa umeme unakimbia, na mwanamke wa miaka sabini anatoka spikani akiwa msichana wa kumi na sita. Njuki aliapa atarudi na betri mpya. Cucu akafariki mwezi wa pili, na hakuna kaseti nyingine... dakika tatu. Saa nane leo mama alisimama palepale mlangoni akamwambia, baba, maana naye humwita hivyo, jina ni la babake, baba, nimeambiwa bado unayo sauti ya mama, watu wa Embu wanaichezea na mimi niliyemzika sijaisikia. Utaisikia, mama. Nitasikia nini, hizi kelele? Utamsikia yeye. Aliahidi kabla ya kufikiri, na sasa sikio la kushoto liko ndani ya hedifoni na kasichana kanaimba humo, na mama atasikia msichana asiyemjua, atasubiri hadi wimbo uishe kwa adabu, atasema asante baba, atarudi Kiritiri, na cucu atakuwa amekufa mara ya pili mbele ya watu mia mbili wanaocheza. Kuna kile kifundo cha spidi kwenye deki ya kaseti. Alikigusa mara moja tu, usiku, hapana, ilikuwa asubuhi, chumbani, peke yake, akakizungusha nyuma polepole hadi msichana akatoka na cucu akaingia, kikohozi chake na vyote, akatia alama ya kalamu pale, kisha akakirudisha haraka kama aliyefumaniwa. Hajakigusa tena, maana cucu akirudi fimbo zake zinapungua kasi, mara mia moja kumi na nne hivi, haziendi na santuri, na Salesio husema ukipunguza spidi umewaua, disko hupanda, disko haishuki... dakika mbili, binti wa jirani, kwa nini anamkumbuka huyo sasa, siku ile ya kupura, binti mwenye nguvu aliyepiga mbiombio akitaka kumaliza, na mama yake Njuki akamshika kiwiko, wewe, mtama hupigwa kwa mkono wa mzee, ngoja, na wote wakangoja, vijana kwa wazee wakashuka hadi kwenye mkono wa Wanjugu na wimbo ukakaa. Wakashuka. Si yeye aliyepanda, ni wao walioshuka, na Njuki mwaka mzima amekuwa akimkimbiza cucu aifikie santuri na hakuna siku aliyoiambia santuri imngoje cucu, kidude kile cha spidi ya santuri kinashuka asilimia nane, na nane ya mia moja ishirini na nne ni ngapi, ni kumi, ni kumi, inatosha, na anarudisha kaseti hadi mwanzo kabisa, kabla ya wimbo, anazungusha kifundo hadi kwenye alama, na kwa kidole kimoja anaishusha santuri, kidogo, kidogo tena, kama mtu anayemteremsha mtoto aliyelala mgongoni, na watu wanaendelea kucheza, mabega yanashuka, viuno vinalegea, hakuna aliyejua, ila Mutegi ametoa macho, buda, umeme umepungua? Haujapungua, anasema Njuki, tunamngoja mtu. Nani? Salesio anasimama kutoka mezani kwake, asimame tu, Ijumaa zake ziko palepale au haziko, bado dakika moja, mama bado yuko mlangoni, mkoba kwapani, na kidole cha Njuki kiko chini ya kitufe cha sauti, hakijapandisha chochote, ukumbi bado hausikii ila ngoma, lakini kwenye sikio lake la kushoto mwanamke mzee anakohoa, anaegemea fimbo, anasema, mume wangu