Kufuli ya Anyona

Katika kiwanda chetu cha chai, nje kidogo ya Keroka, kufuli ambayo fundi hufunga kwenye swichi aliyoizima hufunguliwa na yeye mwenyewe tu. Mume wangu Anyona alizima swichi ya feni ya kwanza, akaifunga kwa kufuli yake, akaingiza mkono katika kabati la umeme wa feni hiyo. Umeme ukamuua. Tulimzika Alhamisi, na kufuli bado inaning'inia pale.

Ufunguo nililetewa pamoja na suruali yake. Jumatatu meneja, Bwana Nyamongo, akanipigia simu niupeleke, kwa maana hakuna fundi aliyekubali kuikata.

Nilifika macho yakiwa makavu. Watu walinishika mikono, nikawaachia mikono. Sikuhisi kitu.

Jethro, fundi mwenzake, alikuwa amenieleza matangani. Kiwanda kina feni mbili za kunyausha majani ya chai, na mitambo inayoongoza mwendo wake imeunganishwa kwa nyuma kwa vipande vya shaba ili igawane umeme. Feni moja ikipunguza mwendo, umeme wake unaisaidia nyingine, na bili inashuka. Lakini ukizima mmoja, wa pili bado unaulisha. Wakandarasi waliunganisha Jumamosi, siku ya Sabato, mafundi wetu wakiwa kanisani. Jumapili mafundi waliporudi kazini, hakuna aliyewaambia.

"Nani anaingiza mkono kabatini leo?" niliuliza.

"Mimi, shemeji," Jethro alisema, macho chini. "Na feni ya pili haizimwi. Ati majani yataoza."

"Na swichi ya kutenganisha hii mitambo?"

"Imeagizwa," meneja akadakia. "Mama Sharon, lete tu ufunguo. Jethro atakuwa mwangalifu."

Mwangalifu! Anyona alikuwa mwangalifu hadi akatuudhi. Hata redio hakulala kabla ya kuichomoa.

Nilifungua mkoba, nikatoa kufuli mpya niliyonunua Keroka asubuhi. Nikazima swichi ya feni ya pili, nikaifunga. Feni ikalegea, ikasimama, ukumbi mzima ukanyamaza.

"Hiyo ni kufuli ya nani?" Nyamongo alifoka.

"Yangu. Nitaifungua mwenyewe, siku ile swichi yenu ya kutenganisha itakapowekwa hapa nikiona."

"Na ile nyingine?"

"Ile ni ya Anyona. Muulizeni."

Jethro aliketi sakafuni akalia kwa sauti, mtu mzima. Nilitamani kulia naye. Chozi halikuja, nikatia funguo zote mbili mkobani.