Akina Patrick Tarpey Wawili

Kwa miaka thelathini Attracta Tarpey aliwasomea watu madaftari ya zamani ya tathmini ya ardhi. Walimjia kutoka kaunti nzima ya Mayo, na wengine kutoka Amerika, wakiwa na nakala mkononi. Mwalimu huyo mstaafu aliwaeleza nani alikuwa mpangaji, nani mwenye ardhi, na kwa nini karani alikata jina hili akaandika jingine juu yake kwa wino wa rangi tofauti. Daftari moja tu hakuwahi kulifungua, la kijiji chake mwenyewe, Cloonarda. Aliliogopa.

Tangu utotoni aliitwa kitukuu cha mla ardhi. Ilisemwa kwamba baba wa babu yake, Patrick Tarpey, alichukua shamba la mjane Durkan siku ileile mwenye ardhi alipomtupa nje mjane huyo pamoja na watoto wake na kubomoa paa lao. Kule, mtu akifa kosa la namna hiyo hubaki kwa watoto wake. Malachy Durkan, mchumba wake Attracta na wa ukoo wa mjane huyo, alivunja uchumba kwa sababu hiyo mwaka 1971, wiki mbili kabla ya harusi, akaenda zake Boston. Attracta hakuwahi kuolewa.

Sasa Malachy alikuwa amekufa, na bintiye Shannon alikuwa ameketi jikoni kwa Attracta na nakala za daftari la Cloonarda. Aliandamana na baba yake mdogo, Festus, mzee wa miaka sabini na minne, ambaye ndiye aliyebaki na shamba lote.

"Msomee mtoto, Mwalimu," Festus alisema akichovya biskuti kwenye chai. "Msomee mambo aliyofanya babu yako. Au macho yameingia ukungu ghafla?"

Attracta alivaa miwani. Shamba namba saba: Bridget Durkan, mjane, jina limekatwa kwa wino mwekundu mwaka 1880. Juu yake, Patrick Tarpey.

"Si nilisema!" Festus alicheka.

Lakini pembeni ya jina, ndani ya mabano, karani aliandika neno dogo: Mwekundu. Attracta alishuka mistari minne. Shamba namba kumi na moja: Patrick Tarpey tena, na mabano yake: wa Martin. Martin ndiye aliyemzaa baba wa babu yake. Huyu hakuhama wala hakuongeza hata pembe ya shamba. Jina la yule Mwekundu lilikatwa miaka sita baadaye, na shamba likarudi kwa Durkan.

"Walikuwa wawili," alisema polepole. "Majina yakifanana, karani aliongeza jina la baba au la utani, kama Mwekundu kwa mwenye nywele nyekundu, ili asiwachanganye. Aliyekula ardhi si wetu."

"Enhe," Festus alisema. "Ndivyo ilivyo."

"Ulijua?"

"Baba aliniambia akiwa kitandani anakufa. Malachy alikuwa nje anakata nyasi."

"Na hukumwambia?"

"Nimwambie ili iweje? Malachy ndiye mkubwa, shamba ni lake. Mngeoana, mimi ningekwenda Birmingham kuchimba mitaro. Nikamchochea mama, mama akamchochea yeye. Kazi ya wiki moja tu." Alichukua biskuti nyingine. "Leo utanifanya nini, mama?"

Shannon alikuwa amejifunika uso. "Baba alikuwa akilewa analitaja jina lako," alimwambia Attracta. "Mama akisikia."

Attracta alifunua ukurasa wa mwisho, wa miaka ya 1970. "Soma hapa, mwanangu. Namba saba ni ya nani?"

"Malachy Durkan."

"Jina limekatwa?"

"Hapana."

Festus aliacha kutafuna.

Attracta alijua vizuri kwamba daftari la tathmini humtaja aliyekuwa shambani tu na halimpi mtu umiliki, na kwamba baada ya miaka yote hiyo hakuna mahakama ambayo ingemtoa Festus. Alikuwa amewaambia hivyo mamia ya wageni. Siku hiyo hakusema.

"Tafuta wakili," alimwambia Shannon.

Shannon alimtafuta. Festus naye akaajiri wake mjini, na majibu yakachelewa. Mzee aliacha kula, akaacha kuuza ndama wake. Mara tatu alifika getini kwa Attracta na kofia mkononi.

"Wewe unayajua mambo haya. Niambie tu kama watanitoa."

"Mimi nasoma majina tu, Festus."

Katika mwezi wa pili wa kungoja, Festus alipata kiharusi. Alilazwa hawezi kusema, ila macho yake yalielewa kila kitu. Barua ya wakili wake ilipofika, majirani walimwomba Mwalimu ampelekee, maana ndiye mjuzi wa karatasi za namna hiyo. Attracta aliifungua kando ya kitanda, akaisoma kimyakimya hadi mwisho. Shamba lilikuwa la Festus, bila shaka yoyote.

"Inasemaje?" nesi aliuliza.

Festus alimkazia Attracta macho.

"Bado wanachunguza," Attracta alisema, akaikunja barua na kuitia mkobani.

Festus alikufa baada ya siku tatu. Mazishini Attracta alipanga foleni kama wengine, akampa Shannon mkono wa pole, kisha akarudi nyumbani. Alikuwa na njaa. Alikaanga mayai mawili, akayala yote.