Walioniomba Radhi

Siku ile niliombwa radhi na watu kumi na mmoja kabla ya saa nane mchana, na sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika siku ile. Ukiniuliza nilitaka nini badala ya radhi, hata leo sijui.

Kosa lilianzia kwenye mkono wa Fidelis. Tulisoma naye sekondari Songea, na miaka mingi baadaye tukakutana tena Herndon, Virginia, huko Marekani, katika kampuni moja ya mambo ya intaneti, yeye stoo, mimi ghorofani kwenye simu za wateja. Sikuwa na gari, kwa hiyo alinichukua asubuhi na kunirudisha jioni. Sasa, Fidelis akikusimulia jambo lazima akushike mkono, kana kwamba anaogopa utakimbia kabla hajafika mwisho. Mchana mmoja tulizunguka hivyo kwenye maegesho ya magari, vidole vimeshikana, yeye akisimulia harusi ya dada yake. Kwetu nani angegeuza shingo? Pale ghorofa nzima ilihamia madirishani.

Kesho yake nilikuta mezani picha ya bibi harusi iliyokatwa gazetini, uso wangu umebandikwa ndani ya shela. Ryan, aliyekaa meza ya pili kutoka yangu, akawa ananipigia simu ya ofisini, ananibusu kwa sauti, kisha anakata. Wanaume wakaanza kutoka chooni nikiingia. Wiki ya tatu mtu aliandika neno kwenye kikombe changu kwa wino usiofutika, nami nikakinywea chai hivyo hivyo, kwa ubishi tu, mpaka Fidelis alipokiona.

"Nini hiki, Silva?"

"Utani wao."

"Utani gani huu, bwana? Twende HR sasa hivi. Mimi nita-testify."

Nilimzuia, hakuzuilika. Yeye alikuwa na hasira kwa ajili yangu, mimi nilikuwa na hofu. Kwa maana lililoandikwa kikombeni lilikuwa kweli. Walikosea ushahidi, mtu hawakumkosea. Napenda wanaume, nimelijua hilo tangu nina miaka kumi na minne, na sikuwahi kumwambia mtu. Mkono wa Fidelis ulikuwa mkono wa rafiki, basi. Halafu kibali changu cha kuishi Marekani kilitegemea ajira ile. Nikifukuzwa, narudi nyumbani.

Mkuu wa ofisi ya wafanyakazi, Jacqueline, mama mpole mwenye sauti ya muuguzi, alimsikiliza Fidelis dakika arobaini. Fidelis alimweleza kwamba kwetu wanaume hushikana mikono, wabunge hushikana, hata maaskofu hushikana. "Silvanus hayuko hivyo," akamwambia. "Kwetu kitu hicho hakuna." Nilikuwa nimekaa kando yake, naangalia zulia.

Jacqueline alifurahi kama mtu aliyeziona funguo zake zilizopotea. Ikaitishwa semina. Mwaka ule wa 1998 kila tatizo la ofisi lilitibiwa kwa semina. Ramani ya Afrika ikatundikwa, sambusa zikaagizwa kwa Wahabeshi, na Fidelis akasimama mbele, akamshika mkono msimamizi wangu, akatembea naye huku na huku kuonyesha jinsi marafiki wanavyotembea. Watu wakapiga makofi. Kisha wakaja kwangu mmoja mmoja. Ryan alikuja wa mwisho, macho yake mekundu kweli, hakuwa anaigiza.

"Nisamehe," alisema. "Tulidhani wewe ni shoga. Tungejua si kweli, tusingekufanyia vile."

Nikamwambia asante. Nilimshukuru mtu yule kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikaenda chooni, na safari hii hakuna aliyetoka nilipoingia. Mmoja hata alinipisha kwenye sinki. Nilijaribu kufurahi, nikashindwa. Nikajaribu kulia, nikashindwa pia. Sikuelewa kama nimeokolewa au amezikwa mtu.

Saa nane Jacqueline alituita tukaweke sahihi. Karatasi ilieleza vizuri tu habari za picha, simu na kikombe. Sentensi ya mwisho ilisema kwamba mlalamikaji alidhaniwa kimakosa kuwa shoga, jambo ambalo si kweli.

"Na kama ingekuwa kweli?" nikauliza. Sikuwa nimepanga kuuliza.

Jacqueline alifikiri kidogo. "Basi nisingekuwa na la kufanya. Kanuni zetu zinataja rangi, dini, jinsia, nchi unakotoka. Hilo halimo, na sheria za Virginia nazo zimenyamaza. Bahati nzuri halikuhusu."

Fidelis alicheka kidogo, kunipa moyo. Nilichukua kalamu, na naapa nilitaka kuweka sahihi yaishe. Sijui ni nini kilinipata. Nilipiga mstari juu ya sentensi ile, taratibu, mwanzo hadi mwisho, nikaweka sahihi chini ya zilizobaki.

"Bila sentensi hiyo siwezi kulifunga faili," Jacqueline alisema.

"Basi libaki wazi."

Karatasi ikaenda kwa shahidi. Fidelis alisoma, akarudia kusoma.

"Umefuta kwa bahati mbaya?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Hapana."

Jacqueline aliuliza tumesema nini. Hakuna aliyemtafsiria. Fidelis alikaa na kalamu mkononi mpaka nikaona jasho juu ya mdomo wake, kisha akaweka sahihi, kwa sababu kikombe alikiona kwa macho yake na hakuwa mtu wa kusema uongo.

Jioni aliendesha gari, mikono yote miwili kwenye usukani. Tulipokaribia kwangu ndipo aliposema.

"Miaka kumi na saba, Silva. Miaka yote hiyo nakuombea kwa Mungu upate mke. Halafu mimi na yule mama tumejua siku moja, saa moja."

"Nilikuogopa wewe kuliko Ryan," nikamwambia.

Aliliegesha gari kando ya barabara, akazima injini, akafunika uso kwa viganja, na mimi sikujua kama nishuke au nikae.