Nafasi ya Mwewa

Mitumbwi ilipoisha kushusha chisense, wale dagaa wa ziwa, Mama Germaine alipangusa mikono kwa kitenge, akafungua kaye, daftari yake ya kuchora, juu ya beseni lililopinduliwa. Ng'ambo ya ziwa, huko Zaïre, majina ya batiso yalikuwa yamekatazwa. Hapa Nchelenge, upande wa Zambia, aliendelea kuitwa Germaine.

Hakuwa anachora watu. Sista mmoja wa Pweto alimufundisha tangu utoto: muache mutu, paka makaa kwenye nafasi inayomuzunguka, naye atatokea mwenyewe, mweupe. Basi alipaka pembe iliyo kati ya kiwiko na kiuno cha Febby, muuzaji mwenzake. Alipaka hewa iliyo chini ya kidevu cha Brigitte, muuzaji mwingine.

Kati ya hao wawili makaa yalikataa kushika. Alisugua, akasugua tena. Karatasi ilibaki nyeupe, na weupe ule ulikuwa na kitambaa cha kichwa, mabega membamba na mutoto mugongoni.

"Uyu njo Mwewa," alisema Brigitte akichungulia. "Hata ile shingo yake ya korongo."

"Na ubishi wake," Febby akasema. "Anakatala hata makaa."

Mwewa alikuwa mujane. Alikataa kulala na ndugu ya marehemu bwana yake, jinsi desturi inavyotaka ili roho ya mufu imutoke. Alisema damu ya Yesu imemusafisha, inatosha. Kanisani bamama walimuimbia, Germaine akiwa wa kwanza kupiga vigelegele. Kesho yake, bandarini, walisogeza mabeseni mupaka akakosa pa kuweka lake, maana nani atanunua samaki waliokaa karibu na mufu? Germaine naye ni mujane. Zamu yake ya kulala na shemeji ilipofika alikubali, akanyamaza. Beseni lake ndilo lililosogea kwanza.

Jumatatu weupe ulikuwa umetoka kwenye kaye, umesimama bandarini kati ya Febby na Brigitte. Nyuma yake ziwa halikuonekana. Wanunuzi waliupita pembeni, wakisema samahani. Mvua iliponyesha haikuulowesha. Bamama waliuachia nafasi ya kutosha, wakafagia mbele yake, na Brigitte akauletea kigoda.

"Unasimama tangu asubuhi," alisema. "Utachoka."

Alhamisi Mwewa mwenyewe alikuja, beseni kichwani, mutoto mugongoni. Alisimama mbele ya weupe ule, wakalingana bega kwa bega. Akapiga goti kidogo, akamuita mama kwa Kibemba.

"Mayo Germaine, mukwai. Hapa kuko mutu?"

Febby aliacha kufukuza nzi. Brigitte aliangalia vidole vya miguu yake. Germaine aliutazama weupe, akamutazama mwanamuke. Kulikuwa na nafasi ya beseni moja, barabara kabisa.

"Kuko mutu, mwanangu," alisema.

"Aya, mayo."

Mwewa aliuamkia ule weupe kwa heshima, jinsi mutu anavyomuamkia mukubwa wake, akakaza kitenge cha mutoto, akashika njia ya Mununga.

Siku ya Mungu, dimanche, weupe uliingia kanisani pamoja na bamama. Walijibana kwenye benchi, wakaupa nafasi nzuri, karibu na dirisha. Ni Germaine aliyeongoza sala ya wajane. Aliomba kwa sauti, akiwa amefumba viganja. Ndani ya viganja makaa yalikuwa yameshika vizuri. Sabuni na muchanga vilishindwa kuyatoa.