Picha ya Mgongo

"Simama, dereva. Unahema kama gari bovu," Bosi alisema kutoka mgongoni.

Mama yake hakusimama. Ukisimama katikati ya ngazi zile za shule, kuanza tena ni kazi mpya kabisa. Alikuwa amemfunga binti yake kwa shuka mbili, moja makalioni, moja mabegani, na miguu ya mtoto, myembamba na ya baridi, ilimgonga mapajani kila akipanda. Mbele mimba ilimvuta kwake, nyuma mtoto wa miaka minane alimvuta kwake, naye katikati alipanda kama mtu anayegombaniwa.

"Ukianguka tutakuwa watatu hospitali," Bosi alisema.

"Nyamaza nisikosee hatua."

"Kumi na mbili bado. Hapana, kumi na tatu, ile iliyovunjika nayo ni ngazi."

Jina la Bosi alipewa na majirani, kwa kuwa tangu ajue kusema alikaa kwenye mkeka mlangoni akiamuru dunia: leteni maji, fukuzeni kuku, nani huyo kapita bila salamu. Mama yake wakamwita Mama Bosi. Mtoto alizaliwa na mgongo wazi, kidonda kiunoni kama mdomo usiofumba. Pale zahanati walisubiri barua ya rufaa, barua ikasubiri mhuri, mhuri ukasubiri gari. Walipofika hospitali kubwa kidonda kilishaoza. Daktari wa upasuaji alikifunua, akakifunika, akasema, "Mngewahi, tungezungumza mengine."

Mama Bosi alilala na maneno hayo miaka minane. Sasa, kila tumbo lilipoongezeka, nayo yaliongezeka.

Kliniki, kwenye hospitali ya wilaya, nesi alimpapasa tumbo na kusoma kadi.

"Wa kwanza alikuwa mgongo wazi? Vidonge vya kukinga mgongo ulimeza, kabla hujashika mimba?"

"Nilikuja kuviomba hapa hapa. Nikaambiwa vimeisha, niangalie dukani."

Nesi alijifanya anatafuta kalamu. "Unahitaji picha," akasema. "Picha ikionyesha mgongo una kasoro, hospitali kubwa wanakuwekea kitanda. Unajifungulia kule, daktari wa kisu yupo. Bila picha wewe ni mjamzito kama wengine. Utajifungulia zahanati."

Chumba cha picha kilikuwa mwisho wa ukumbi. Mashine ya ultrasaundi ilikuwapo, imefunikwa shuka kama maiti. Kando yake mpimaji alikuwa anachokonoa meno kwa njiti.

"Mbovu hiyo, mama. Inasubiri fundi."

"Fundi anakuja lini?"

"Ningekuwa namjua fundi ningekaa hapa?" Alichungulia ukumbini, akashusha sauti. "Nenda nyuma ya kituo cha mafuta, lile jengo la vioo. Mchana nipo kule."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Mikono ni hii hii."

"Na mashine?"

"Ya kule haiugui," alisema mpimaji.

Bei aliyomtajia ilikuwa bei ya kiti. Kiti cha magurudumu cha Bosi, kilichokuwa nusu kwa fundi wa vyuma, na malipo yake yote yameshakabidhiwa. Hapakuwa na fedha nyingine ndani ya nyumba ile, wala nje yake. Akimpima aliye tumboni, aliye mkekani hatakwenda shule, maana tumbo likikua zaidi ya pale, mgongo hautapanda ngazi, na ile njia ya gari inayozunguka nyuma ya shule ni ndefu, inataka magurudumu. Akimnunulia kiti aliye mkekani, aliye tumboni atazaliwa gizani, kama dada yake.

Jioni ile mumewe alirudi kutoka kupaka rangi nyumba za watu. Alikaa kizingitini akisugua vidole kwa mafuta ya taa.

"Mama anauliza," alisema bila kuinua kichwa.

"Mama yako anauliza nini?"

"Anauliza kama ni hivi tena."

"Na ikiwa ni hivi tena?"

Alisugua kidole kimoja mpaka ngozi ikawa nyekundu. "Mimi sijasema kitu."

"Hicho ndicho kinachonitisha. Hujasema kitu."

"Unataka niseme nini? Kapime. Mtu akijua anajipanga."

"Anajipanga kukaa au anajipanga kuondoka?"

"Hivi ni vipi, baba?" Bosi aliuliza kutoka mkekani.

Wote wawili waligeuka. Walikuwa wamemsahau, jambo ambalo si rahisi.

"Mmesema kama ni hivi tena. Mimi ndiye hivi?"

"Wewe lala," baba alisema.

"Jua bado lipo!"

Baba aliinuka, akaenda kunawa mikono aliyokwisha kuisafisha.

Siku zilizofuata Mama Bosi hakutulia. Kazini alipiga pasi sare za shule, marinda juu ya marinda, kwenye chumba chenye dirisha moja na mvuke wa watu kumi, huku moyo wake ukipima na kupima tena. Asubuhi alisema kiti, mchana alisema picha, jioni alisema Mungu yupo, kesho yake akaona Mungu alikuwapo hata safari ile, na barua ikachelewa vile vile. Aliacha pasi juu ya sketi. Moshi ulipopanda msimamizi alifika kabla yake.

"Akili yako iko wapi, Mama Bosi?"

"Hapa hapa, bosi."

"Basi hii sketi itaivaa akili yako. Nakata kwenye mshahara."

Wenzake walicheka, kisha wakatazama tumbo lake, wakaacha.

Akaamua akiwa njiani kurudi, ghafla, kama mtu anayeruka mtaro kwa kuogopa akifikiri zaidi hataruka. Alipita kwa fundi wa vyuma. Kiti kilikuwa kimesimama juu ya matofali, kina mgongo na mikono, hakina magurudumu.

"Bomba nimekata kwa kiuno cha mtoto," fundi alisema. "Mtu mwingine hakimtoshi. Nikurudishie nini, bomba?"

"Nirudishie yote. Ya bomba nitakuletea polepole."

"Nani kakwambia nataka ya bomba?" Fundi alikasirika, akaingia ndani, akatoka na fedha zote, akampa huku anatazama barabarani. "Na umwambie Bosi si mimi niliyechelewesha. Yule atanitukana mpaka kaburini."

Bosi hakutukana. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo pia si rahisi, akachomoa uzi mmoja wa mkeka.

"Kwani huyo anaenda wapi mpaka apimwe? Mwenye safari ni mimi."

"Najua, mama."

"Hata kutembea hajashindwa bado." Akachomoa uzi wa pili. "Haya, kapime. Lakini ukikuta yuko kama mimi, usimwambie bibi."

Jengo la vioo lilikuwa na sakafu inayoteleza na keshia nyuma ya dirisha dogo. Mama Bosi alilipa kwanza, akapewa kipande cha karatasi, akasubiri kwenye kiti laini kilichomzamisha. Mpimaji alipofungua mlango alikuwa na koti lililopigwa pasi vizuri. Mama Bosi alilijua pindo lake, lilikuwa la mtu anayejua kazi. Kule hospitali meno ya mpimaji yalikuwa ya kuchokonolewa tu. Huku yalikuwa ya kutabasamu, na aliyaonyesha yote.

"Karibu, mama. Panda, jisikie nyumbani."

Alimpaka tumboni yale mafuta mazito ya baridi. Kioo cha mashine kiliwaka rangi ya majivu. Mama Bosi aliona kichwa. Aliona moyo, kitu kidogo kinachofumba na kufumbua kwa haraka ya kutisha. Alitaka kulia, akajizuia, maana hakuja kutazama moyo.

"Mgongo?"

"Subiri." Alisogeza, akabonyeza. "Kohoa. Lala ubavu. Huo mwingine." Alitazama saa ya ukutani. "Kalala chali huyu. Mgongo kaubana huko nyuma, hauonekani. Rudi wiki ijayo."

"Nikirudi nalipa?"

"Kila picha na malipo yake, mama. Mashine inakula umeme."

"Lakini mgongo sijauona."

"Umelipia picha. Picha nimepiga. Tazama, mtoto mzuri, moyo unapiga." Mashine ilitoa karatasi ndogo inayong'aa, akaichana, akampa.

"Basi andika kwamba mgongo haukuonekana. Niipeleke karatasi hospitali kubwa waniwekee kitanda."

"Kutoonekana si kasoro. Kitanda wanatoa kwa kasoro." Alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kusema hivyo mara nyingi. Akazima kioo, akamtupia karatasi laini ajifute. Mlangoni wateja wengine walishasimama, mke na mume, wameshikana mikono. "Shuka, mama, wenzako wanasubiri."

"Sishuki."

"Unasemaje?"

"Nimelipia mgongo. Nitalala hapa mpaka ageuke."

Mpimaji alicheka, akawageukia wateja ili nao wacheke. Hawakucheka. "Mama, usinitie aibu. Mimi nilikusaidia kule."

"Kule ulinisaidia nini?"

Meno yalitoweka. Alifungua mlango wote, akaita. Keshia alikuja, na nyuma yake mlinzi, mtu wa makamo aliyevua kofia kabla ya kuingia.

"Shuka, mwanangu," mlinzi alimwambia. "Usinifanye nikushike. Nina binti kama wewe."

"Basi nishike kama binti yako."

Alikamata vyuma vya kitanda kwa mikono miwili. Tumbo lilikuwa wazi, linang'aa kwa mafuta, limeanza kupoa. Watu watano walilitazama, hakuna aliyejua aanzie wapi.

Ndipo mtoto akageuka. Hakupiga teke. Alijigeuza taratibu, kama mtu aliyechoka ubavu mmoja wa kitanda, na kitu kirefu, kigumu kidogo, kikateleza chini ya ngozi kutoka kushoto mpaka kati, kikatulia pale juu, karibu kabisa.

"Amegeuka!" Aliachia chuma kimoja, akaweka kiganja. "Amegeuka, washa! Huu hapa mgongo, naushika! Washa!"

Mpimaji alisogea. Kidole chake kilifika kwenye kitufe, kikakaa juu yake bila kubonyeza, naye akamtazama keshia.

"Amelipa?"

"Ya kwanza tu," keshia alisema.

Kioo cha mashine kilikuwa cheusi. Ndani yake Mama Bosi aliliona tumbo lake lote, na kiganja chake juu ya tumbo, na mkono wa mlinzi unaokuja, polepole, kwa heshima.