Nguruwe Wako, Ng'ombe Wangu

Kufika saa nane mchana miguu ya Poh Geok huwa imeshamsusa. Inavimba, inajaa ndani ya viatu kama unga uliokandwa ukaachwa uumuke, na zamu yenyewe hata nusu haijafika. Waliozileta mashine za kujilipia walisema zitampunguzia mtu kazi. Labda mtu mwingine. Zamani, alipokuwa keshia, wateja walimfuata yeye. Siku hizi yeye ndiye anayewafuata wao, mashine hadi mashine, maana kila moja ina taa juu ya kichwa, na taa ikigeuka nyekundu mteja hatazami amekosea nini, anaita tu: anti, anti, imegoma. Imegoma kwa sababu mkoba wako umeuweka juu ya mzani, baba. Imegoma kwa sababu kitunguu umekiita tufaha. Hayo anayasema moyoni. Usoni anatabasamu, anagusa kioo kwa kadi yake, taa inarudi kijani, na kabla hajageuka nyingine imeshawaka.

Katika supamaketi ile ya mtaa wa Bedok, chini ya maghorofa, ilikuwa imebaki kaunta moja tu yenye mtu, na mtu mwenyewe ni Kalsom. Walifanya kazi migongo ikitazamana miaka na miaka, Poh Geok Mchina, Kalsom Mmalei, wakiteta watu kwa Kimalei cha sokoni ambacho hakuna aliyekijua vizuri kati ya makeshia wapya. Kisha kaunta za wengine zikang'olewa moja baada ya nyingine, Poh Geok akapewa aproni ya rangi nyingine na kusimamishwa kwenye mashine, hatua chache tu kutoka kwa mwenzake.

Walikuwa na makubaliano yao. Yalianza wiki ile ya kwanza ya kufanya kazi pamoja, na hakuna meneja aliyeyajua. Kalsom ni Mwislamu, nguruwe hamgusi. Poh Geok anamwomba Guanyin, mungu wa kike wa huruma, na anayemwomba Guanyin kwa dhati ng'ombe hamli wala hamshiki. Basi ikawa hivi: nguruwe wako nashika mimi, ng'ombe wangu shika wewe. Nyama yenyewe imefungwa kwa plastiki gubigubi, na hata ustadhi wa msikiti wao alishamwambia Kalsom kwamba kushika kilichofungwa si dhambi. Kalsom alimwitikia ustadhi vizuri tu, na kesho yake akaendelea vilevile. Pakiti ya nguruwe ikifika kwake, anagonga kaunta kwa pete yake, ko ko. Poh Geok anakuja, anaipitisha, anaitia kwenye mfuko wa mteja, anarudi. Ng'ombe akimfikia Poh Geok, anaguna tu, na Kalsom ananyoosha mkono. Wateja wa zamani walishazoea, hata hawaulizi.

Sasa meneja Foo, kijana mpole mwenye tai, akaja na habari zake. Makao makuu wanahesabu nani anapita wapi. Kaunta ya Kalsom isipovuta watu mpaka Mwaka Mpya wa Kichina, itang'olewa nayo. Na kwa kuwa mashine zinahitaji msimamizi mmoja tu, Kalsom atahamishiwa tawi la Jurong, upande wa pili kabisa wa kisiwa chao.

Jurong kwa mtu mwingine ni mbali tu. Kwa Kalsom ilikuwa ni kuacha kazi. Mume wake, Ramli, amepooza upande mmoja, yuko kitandani ghorofa ya tatu, jengo lile lililo nyuma ya maegesho. Mapumziko ya mchana yakifika, Kalsom hali. Anavuka maegesho mbio, anamlisha uji wa mchele, anamgeuza, anambadilisha, anarudi kaunta kijasho kikimtoka chini ya mtandio. Kutoka Jurong angerudije? Na katika nyumba ile anayeingiza chochote ni yeye peke yake.

Kazi ya Poh Geok ilikuwa kuwafundisha watu mashine, na alikuwa hodari, tatizo ndilo hilo. Kila bibi aliyemfundisha kulipa mwenyewe, alikuwa amemtoa kwenye foleni ya Kalsom. Siku alipoling'amua hilo alisimama katikati ya zile mashine akajiona mjinga wa kutupwa. Kuanzia hapo akawa mwalimu mbaya. Mzee akija na fimbo yake anaitazama mashine kwa woga, Poh Geok anamnong'oneza kwamba hizi leo zina kichaa, zitakukata pesa mara mbili, nenda kwa Kalsom. Bibi akisema anataka kujaribu, anaambiwa ajaribu siku nyingine. Alizisingizia zile mashine kila uchafu. Wazee nao wakaupenda uzushi huo, wakawa wanakuja na jirani zao, na foleni ya Kalsom ikaanza kurefuka. Foo mwenyewe alipita akasema hesabu si mbaya, huenda kaunta ikabaki. Kalsom aliposikia alikwenda nyuma ya rafu za sabuni akajipangusa macho, akarudi kazini.

Ndipo ukafika mkesha wa Mwaka Mpya. Siku hiyo kila nyumba ya Kichina inakula pamoja, na hakuna chungu kinachoinjikwa bila nguruwe. Watu walijaa mpaka pa kuweka mguu hapana. Foleni ya Kalsom ilikunja kona ikafika kwenye friji za maziwa, wote wale wazee wa Poh Geok, kila toroli na mbavu zake, miguu yake, soseji zake. Pete iligonga tangu asubuhi. Mwanzoni Poh Geok aliweza, alikwenda akarudi, akaenda akarudi, kiuno kinamuuma. Ilipofika alasiri maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Pete ikagonga. Poh Geok alikuwa kwenye mashine namba nne, na jamaa mmoja mwenye kasha la bia anasubiri athibitishwe umri wake. Pete ikagonga tena. Namba moja ikawaka, namba sita ikawaka, mwanamke mmoja akamvuta mkono wa aproni. Aliponyanyua macho alimwona Kalsom amevaa mfuko wa nailoni mkononi, uso ameugeuzia pembeni, anaipitisha pakiti ya mbavu mwenyewe. Kisha nyingine. Hakuwa analia wala nini. Alikuwa anafanya haraka haraka, foleni isije ikasimama.

Roho ilimuuma Poh Geok, acheni nyie. Angemwona mwenzake anaanguka ngazi asingeumia vile. Aliziacha mashine zake zinawaka, akamwacha na jamaa wa bia, akaenda kusimama pale pale alipokuwa akisimama miaka yote.

"Rudi kwako," Kalsom akamwambia chini chini, bila kumtazama. "Naweza."

"Huwezi. Nimekuona."

"Niache, dada. Foo yuko juu anatazama."

Poh Geok hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alishika pakiti iliyofuata, akaitia mfukoni, akashika nyingine. Na lazima isemwe, muda ule alikuwa na furaha. Miguu inawaka moto, lakini mikono ilikuwa inajua inapokwenda. Mzee mmoja akawatania kwamba leo bibi harusi na somo wake wamerudi, na Kalsom akacheka, akashindwa kujizuia. Foleni iliteremka kama maji.

Nyuma yao taa zote sita zilikuwa nyekundu. Watu walikuwa wanagonga vioo, wengine wameacha toroli zao katikati ya njia wakaondoka wakilaani. Foo akashuka. Alitazama mashine, akaitazama kaunta, akatoa simu akapiga picha, kisha akaenda kuzima zile taa mwenyewe, tai ikimning'inia mpaka kwenye mizani.

Baada ya sikukuu aliwaita kwenye chumba cha makasha. Hakuwa mkali. Aliwapa machungwa mawili mawili ya heri, kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, ndipo akatoa habari. Hesabu za Kalsom zilikuwa nzuri, alisema, nzuri kabisa, kaunta ilikuwa ibaki. Lakini makao makuu walipokea malalamiko siku ile, wakataka maelezo, naye hakuweza kuwaficha kitu. Kaunta moja inakula watu wawili, mashine sita zimelala. Angewajibu nini? Mwisho wa mwezi kaunta inang'olewa, na Kalsom ajiandae kwenda Jurong.

Kalsom aliyatazama machungwa yake. Hakumtazama Poh Geok hata mara moja, na hilo ndilo lililomkata maini. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Poh Geok alifanya kazi siku kadhaa bila kuonja ladha ya chakula. Alikuwa ameambiwa arudi, waziwazi, na hakurudi. Alitaka kumwokoa mwenzake na pakiti ya mbavu, akamtia kwenye shimo. Alipochoka kujilaumu, akapanda ofisini kwa Foo, akasimama mlangoni.

"Nipeleke mimi Jurong," akasema. "Mashine mwachie Kalsom."

Foo aliitazama miguu yake kabla ya kumtazama usoni. Akasema ni mbali, treni ni zaidi ya saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, na umri wake si wa mchezo.

"Mimi nyumbani hakuna anayenisubiri. Na treni ina viti. Hapa miaka yote hii hamjanipa hata kigoda."

Foo alikohoa, akatazama pembeni, akasema atawauliza makao makuu. Akawauliza, wakakubali, kwao mfanyakazi ni mfanyakazi.

Kalsom alipopata habari hakushukuru. Alikuja moja kwa moja kwenye mashine, wateja wakiwapo, akamuuliza nani alimtuma. Umenifungia kaunta, akasema, halafu unanionea huruma? Unataka kila siku nikulilie, niseme Poh Geok wa watu amejitoa? Poh Geok alikuwa amechoka mno hata kujitetea.

"Ndiyo, nilikufungia," akasema. "Utafanya nini, utanihukumu? Mumeo atakula mchana au hatakula? Niambie hilo tu."

Taa mbili zikawaka, Kalsom akazitazama. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, haya, nifundishe hayo madude yako.

Basi Poh Geok akafundisha tena, safari hii kwa moyo mweupe. Kalsom alikuwa mwanafunzi mzito. Alizoea kushika vitu vya watu mwenyewe, sasa kusimama na kumtazama mtu mzima akihangaika na fungu la mchicha kulimtoa jasho. Aliwapokonya. Poh Geok akamwambia usiwapokonye, waache wakosee kwanza, ndiyo kazi yenyewe. Kalsom akasema hii si kazi, hii ni kulea. Kaunta yake ilikuwa imeshang'olewa, sakafuni limebaki doa jeupe, na wateja walikuwa wakilikanyaga wakipita na mifuko yao. Wale wazee walipoikosa kaunta, wengine walisimama kidogo, wakaduwaa, wakapanga foleni kwenye mashine kama wengine wote.

Alasiri ya mwisho Kalsom alimkalisha Poh Geok juu ya kreti la maji lililopinduliwa, akamwambia leo kazi ataifanya yeye Kalsom peke yake, mwenzake atazame tu. Poh Geok alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa ndani ya duka lile akiwa zamu, na hakuna aliyemkemea.

Namba tatu ikawaka nyekundu. Mama mmoja alikuwa na pakiti ya nguruwe, ile mistari yake myeusi imeloa, mashine haiisomi. Poh Geok alinyanyuka kabla hajawaza. Mkono ulikuwa umeshatangulia.

"Kaa, dada," Kalsom akasema. "Kesho hupo."

Alichomoa mfuko wa nailoni, akauvaa mkononi, akaishika ile pakiti. Safari hii uso hakuugeuza. Alibonyeza namba moja moja, polepole kama alivyofundishwa, taa ikarudi kijani, akamkabidhi mama vitu vyake na kumwambia karibu tena. Aliutupa mfuko kwenye pipa, akarudi kusimama karibu na kreti, akaupangusa mkono kwenye aproni mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Na huko Jurong," akauliza, "ng'ombe wako atakushikia nani?"

Poh Geok hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amefikiria treni, ngazi, viatu vipya, kila kitu isipokuwa hilo. Aliitazama miguu yake, imevimba ndani ya viatu, imetulia walau mara hii.

"Namba tano inakuita," akasema.