Harufu ya Lori

Lori la dereva lilikuwa zee, umri mmoja na ndoa yake, na lilikuwa linavuja. Kila alipokata kona ya kuingia mtaani, oili ilidondoka kutoka kwenye mfuniko wa juu ya injini, ikaungulia kwenye bomba la moto, na moshi mwembamba ukatangulia nyumbani kumpigia hodi. Majirani walimtania, "Mwambie mwenzio aache sigara!" Mkewe, fundi cherehani, hakucheka. Nguo za wateja zilinuka gereji, na mteja umwambie subira yavuta heri? Thubutu!

Basi Jumapili moja, injini ikiwa imepoa, dereva akafungua boneti. Ulikuwa mchana ule mzito wa usingizi, cherehani ikiunguruma ndani, ikinyamaza, ikiunguruma tena. Mlangoni, kivulini, alikaa mama wa dereva. Macho yalishamuaga, masikio yakafuata, na akili nayo siku hizi ilikuwa inasinzia sinzia. Dunia ilimfikia kwa pua na vidole tu.

Dereva alifungua bolti moja moja, akaichomeka kila moja kwenye kipande cha boksi, kwa mpangilio wake, ili kila moja irudi mahali pake. Alipoinua mfuniko akaduwaa. Vali zilijipanga ndani, zimelowa oili ya rangi ya asali, zimetulia tuli, na yeye akasimama pale hata asijue amesimama kwa muda gani. Gasketi ya zamani, ile inayoziba mfuniko usivuje, ilikuwa imekauka, ikavunjika kama biskuti. Akakwangua masalia kwa kisu butu, akafuta, akalaza gasketi mpya, akarudisha mfuniko, akaanza kukaza bolti kutoka katikati, huku kidogo, kule kidogo. Anayekaza kwa hasira huikata gasketi, na haraka haraka haina baraka.

Akawasha. Hata tone! Aliona fahari, jamani, nani asingeona? Akanawa kwa sabuni ya unga mpaka kucha zikawa nyeupe.

Jumatatu jioni alirudi na lori lisilonuka. Siku zote moshi ulipofika, mama alijifunga kitambaa chake kizuri cha kichwa, akajikongoja kusimama, akatangaza, "Mwanangu kafika!" Leo alikuwa amekaa, kichwa wazi, pua juu. Dereva akainama, akamshika mkono. Mama akakipapasa kiganja, akakinusa. Sabuni.

"Karibu, mgeni," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaa umsubiri mwanangu, yuko njiani."

Dereva alicheka, akidhani ni utani. Akauchukua mkono wa mama, akauweka usoni pake. Mama akautoa taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake.

Chakula cha mama kikapoa mapajani pake. Alikuwa anamsubiri mwanawe, hataki kula peke yake. Jumanne vilevile. Jumatano vilevile. Dereva alijikaza kisabuni, akawa anamshika mkono kila jioni, na kila jioni akakaribishwa vizuri. Alhamisi mama alijikongoja mpaka penye cherehani, akamvuta mkwewe nguo, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Niambie kweli, mwanangu. Amekufa?"

Cherehani ilinyamaza. Mke akatoka nje, machozi yanamtiririka, akaokota chupa tupu ya dawa ya kikohozi, akaijaza oili chafu ya lori, akampa mumewe.

"Na wateja wako?" dereva akauliza.

"Watanuna. Na wanune!"

Ijumaa alisimamisha lori kwenye kona. Akafungua boneti, akadondosha matone matatu juu ya bomba la moto, na mengine akajipaka viganjani. Moshi ukapanda, ukapinda, ukaingia mtaani polepole bila haraka yoyote. Naye akaufuata.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Kitambaa kilikuwa kimekaa upande, amekifunga mbiombio. Akanyoosha mikono yote miwili, akaishika ya mwanawe, akaizamisha pua yake humo, akavuta pumzi.

"Ulikuwa wapi wewe?" akamgombeza, huku analia. "Siku zote hizi! Kuna mgeni alikuwa anakuja hapa, kila jioni ananishika mkono. Mpole huyo! Nikamwonea huruma. Nadhani hana mama."